Usilichemshe Jiwe la Bahari

Leo nitazungumza juu ya ugonjwa wa viumbe ambavyo wengi wetu tuliozaliwa pwani hatukujua hata kwamba vyaweza kuugua. Nasema juu ya matumbawe laini, yale yanayoota juu ya mawe ya mwambani mithili ya vifungo vya shati, kila kimoja kikiwa na mdomo katikati na vidole vidogo kuuzunguka. Wataalamu watanisahihisha kwamba hayo hasa si matumbawe laini, ni binamu zao. Sawa, nimesikia. Wafugaji wenyewe huviita polipu tu, nami nitaviita hivyo.

Mtu atauliza: kwani matumbawe hufugwa? Hufugwa, tena kwa gharama. Nisingeamini kama nisingekaa miezi miwili kwa mpwa wangu huko Uingereza, wakati wa baridi kali, nikaliona tangi la kioo la lita 200 limesimama sebuleni pale ambapo mtu mwingine angeweka kabati la vyombo. Lina taa za buluu, pampu mbili za kusukuma maji na chombo cha kuyapasha joto yasishuke chini ya nyuzi 25. Mkewe husema kwamba bili ya umeme inakuja kwa jina la samaki.

Utotoni, maji yakipwa wakati wa bamvua, tulikwenda mwambani kutafuta pweza na kuokota makome, na polipu hizo tulizikanyaga kwa mamia. Zilikuwa zimejifunga kama ngumi ya mtoto, zinateleza, na hakuna aliyezitazama mara mbili. Maji yakijaa hufunguka, na jua huzilisha, kwa sababu ndani ya nyama yao wamo vijimea vidogo sana vya mwani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba. Mwambani ni bahari inayozihudumia. Ndani ya tangi bahari ni wewe mwenyewe, na ukikosea hakuna maji kujaa yatakayokuja kukurekebishia.

Mpwa wangu anaendesha basi. Alipopangiwa zamu ya usiku aliniomba jambo moja tu: kila asubuhi, yeye akiwa amelala, nimwongezee maji tangini, maana katika nyumba yenye joto la mashine karibu lita 2 hukauka kila siku. Kulikuwa na madumu mawili meupe chini ya ngazi, moja la maji matamu yaliyochujwa, la pili la maji yaliyokorogwa chumvi ya bahari. Mimi nikafikiri peke yangu: hawa ni watu wa bahari, watapewaje maji matamu? Nikachukua dumu la maji ya chumvi. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na nane.

Asubuhi moja nikasikia ananiita. Hakunisalimu, jambo ambalo si kawaida yake. "Mjomba," akasema, "zimefunga zote."

Nilikwenda nikatazama. Jiwe lililokuwa limejaa vifungo vya kijani na rangi ya chungwa lilionekana kama limepata ukurutu. Vichwa vimefumba, shingo zimesinyaa, na kwenye jiwe moja dogo mwani wa nyuzi umeshaanza kuwafunika waliokwisha kufa. Mpwa wangu akapima maji. Maji ya bahari ya kawaida yana chumvi kiasi cha gramu 35 katika lita moja. Yale yalikaribia 41. Akauliza maji ya kila siku yalitoka dumu lipi. Nikaonyesha.

Hakunilaumu, maana alilelewa vizuri, lakini ningependa zaidi kama angenilaumu. Mimi ni mtu niliyeona mashamba ya chumvi tangu utoto. Najua maji ya bahari huingizwa katika mabwawa, jua hunyonya maji, chumvi hubaki. Hilo analijua kila mtoto aliyepita Gongoni au Bagamoyo. Kinachopaa ni maji matamu, kwa hiyo kinachorudishwa ni maji matamu. Nililijua jambo hili kwa miaka yote, nikalisahau mbele ya kioo.

Tiba ya kwanza, basi, ilikuwa kurekebisha maji. Na hapa kuna mtego, kwani mtu mwenye haraka angemwaga ndoo mbili za maji matamu kwa mkupuo ili chumvi ishuke siku hiyo hiyo. Kiumbe kilichozoea chumvi nyingi kikipata mabadiliko ya ghafla kinapata pigo la pili juu ya la kwanza. Mpwa wangu alitoa lita 4 hadi 5 kila siku na kurudisha matamu kiasi hicho hicho, siku 7 mfululizo, akipima asubuhi na jioni. Hakuweka dawa yoyote. Nilidhani ni uzembe. Aliniambia kwamba wengi huua polipu kwa dawa, kumbe ugonjwa ulikuwa ni maji.

Katikati ya wiki hiyo ndipo nilipotaka kutenda kosa kubwa kuliko lile la chumvi. Lile jiwe dogo lenye wafu na mwani lilinikera. Nikaona heri nijikomboe kwa kazi ya mikono: nilitoe, nilichemshe jikoni, nilisugue kwa brashi ngumu, nilirudishe safi. Sote tumefundishwa kwamba kilichochemshwa ni salama. Birika nilikwisha kuliwasha. Mjukuu wangu wa miezi minane alikuwa anatambaa sakafuni pale pale. Mpwa wangu aliingia, akaona jiwe katika beseni, akazima birika na kumnyanyua mtoto kabla hajasema neno.

Ndugu wasikilizaji, ndani ya baadhi ya polipu hizi imo sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali sana zinazojulikana duniani. Si zote wanazo, na kwa macho huwezi kutambua ipi inayo na ipi haina. Wenyeji wa Hana, katika kisiwa cha Maui huko Hawaii, waliijua zamani. Waliita kitu kile mwani wa mauti, na inasimuliwa kwamba wapiganaji walikipaka kwenye ncha za mikuki. Wanasayansi Richard Moore na Paul Scheuer wa Chuo Kikuu cha Hawaii walitangaza mwaka 1971 kwamba wameitenga sumu hiyo. Katika bahari yetu hii hii, huko Madagaska, mwaka 1994 mwanamke mmoja alikufa baada ya kula samaki wa jamii ya dagaa papa, na watafiti wakaihusisha sumu hii na kifo chake.

Inavyofanya kazi inatisha kwa wepesi wake. Kila chembe ya mwili wetu ina pampu ndogo ya kutoa chumvi ya sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Sumu hii huing'ang'ania pampu hiyo na kuigeuza tundu lililo wazi. Misuli huuma, kifua hubana, moyo huyumba. Dawa ya kuitangua haipo. Hospitali hukusaidia kupumua na kuulinda moyo mpaka mwili ujitoe wenyewe.

Na moto hauimalizi. Hilo ndilo nililotaka niwaambieni leo. Ukilichemsha jiwe, sumu hupanda na mvuke. Ukilisugua kwa brashi, hurukia macho. Nyumba nzima huivuta. Mwezi Machi 2018, katika mkoa wa Oxfordshire huko huko Uingereza, watu 10 walipelekwa hospitali baada ya tangi la nyumbani kusafishwa matumbawe yake, na wanne kati yao walikuwa wazima moto waliokuja kuwaokoa wenzao.

Mtasema, mbona sisi tulizikanyaga peku? Kweli, ngozi nzima isiyo na jeraha ni kinga fulani, na mwambani kuna upepo na bahari nzima ya kuzimua. Jikoni madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi.

Lile jiwe dogo lilifungwa ndani ya mfuko likiwa bado ndani ya maji, likapelekwa nje, likalowekwa kwenye ndoo ya maji yaliyotiwa jiki nyingi hadi kesho yake. Klorini ndiyo inayoivunja sumu ile.

Maji yalipotulia, ikaja zamu ya dawa, maana baadhi ya polipu zilikataa kufunguka. Mpwa wangu alivaa glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho na barakoa, akafungua dirisha tukatetemeka sote. Alichota maji ya tangi, si ya bomba, akayatia katika bakuli ambalo halitarudi jikoni tena, akaongeza matone ya aidini kama chupa ilivyoelekeza. Akalitumbukiza jiwe dakika 10, akilitikisa polepole ndani ya maji, bila brashi na bila kulitoa hewani kulichezea. Vikadondoka vidudu viwili, ukubwa wa punje ya mchele, rangi ile ile ya kijani ya polipu. Ni konokono wa bahari wasio na gome. Hula polipu na kujivika rangi yake, kwa hiyo unaweza kuwatazama mwezi mzima usiwaone. Maji yale yalimwagwa, jiwe likasuuzwa katika maji mengine ya tangi na kurudishwa mahali penye mwanga hafifu. Mayai yao hayafi kwa dawa ile, kwa hiyo baada ya siku 7 kazi ilirudiwa, na baada ya 7 nyingine tena.

Nilikaa mbele ya tangi lile jioni nyingi kuliko nilivyokaa mbele ya televisheni. Siku ya kumi na moja tangu dawa ya kwanza, polipu moja ya pembeni ilifungua vidole vyake nusu, ikafunga, ikafungua tena. Nilimwamsha mpwa wangu usingizini, naye hakukasirika. Kabla sijaondoka tulihesabu 26 zilizofunguka kati ya 40 hivi zilizokuwapo mwanzoni. Zile za rangi ya chungwa hazikurudi hata moja.

Siku ya safari nilipita chini ya ngazi kuchukua viatu vyangu. Madumu yote mawili yalikuwa yameandikwa kwa rangi nyekundu, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama za kibao cha barabarani: CHUMVI, MATAMU. Katika nyumba ile hakuna mgeni mwingine asomaye Kiswahili.