Ujira wa Aliyetengwa kwa Ajili ya Afya ya Wengine



Nimeombwa niseme machache mintarafu ujira wa mtu anayeamriwa kukaa peke yake asije akawaambukiza wengine. Jambo hili si geni kwetu. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020. Kisha ndugu zetu wa Kagera wakapatwa na Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, ugonjwa ambao aliyemgusa mgonjwa huangaliwa kwa siku 21. Kwa mchumaji wa Katumba au Mwakaleli anayelipwa kwa kilo alizopima, hayo ni majuma matatu bila kilo hata moja. Kitabu cha Walawi, sura ya 13, humwagiza kuhani amfungie siku saba mtu mwenye ugonjwa wa ngozi unaotiliwa shaka. Hakisemi ni nani atakayempelekea chakula.

Sheria yetu inasema nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mlipaji ni mwajiri. Mfanyakazi wa msimu naye hakusahauliwa, ingawa wapo wasimamizi wanaomwambia kinyume. Lakini sharti lipo: mgonjwa alete cheti cha daktari.

Hapo ndipo penye ufa. Aliyetengwa kwa sababu alilala chumba kimoja na mgonjwa, yeye mwenyewe ni mzima. Daktari hawezi kuandika kwamba anaumwa. Basi mtu huyu, anayetii amri kwa faida yetu sote, huweza kukosa kile anachopata mwenye malaria. Tukishangaa kwamba watu huficha dalili na kupanda gari la Mbeya usiku, tutazame kwanza chungu chao. Bima ya afya, kwa aliye nayo, hulipa dawa, hailipi unga.

Ulimwengu uliliona jambo hili zamani. Pendekezo Na. 134 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1969, linataka aliyewekwa karantini apewe fedha kama mgonjwa. Uingereza, Machi 2020, ilimhesabu aliyejitenga kuwa hawezi kufanya kazi, akalipwa tangu siku ya kwanza. Fedha hizo zilikuwa kidogo, na miaka miwili baadaye utaratibu huo ukaondolewa. Hata hivyo ulionyesha kwamba maneno machache ya sheria yanatosha kuuziba ufa.

Kwetu, njia iliyo karibu ni mkataba wa hali bora. Chama cha wafanyakazi kikikaa mezani na mwajiri, kidai kiandikwe kifungu kwamba barua ya mganga au afisa wa afya inayomwamuru mtu ajitenge ihesabiwe sawa na cheti cha ugonjwa. Hilo lidaiwe sasa, kungali na utulivu. Siku ya mlipuko hakuna anayejadiliana.

Kuhusu mkulima mdogo, mama auzaye ndizi na kijana wa bodaboda, sheria hiyo haiwagusi, kwani hawana mwajiri. Kwao sioni msaada wa haraka isipokuwa jumuiya: kuni, maji na chakula kuwekwa mpakani mwa ua, na mtu wa kuwakamulia ng'ombe. Jumuiya ipange zamu mapema, pasipo kuuliza aliyetengwa ni wa dhehebu gani.

Mwenye barua ya kutengwa na hati za malipo azitunze. Akinyimwa haki yake, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Ikiwa ameachishwa kazi, ni siku 30 tu.