Msimu wa Moto Mlimani

Kiangazi cha Januari hadi Machi ndicho huwavuta wapandaji wengi Mlima Kenya na Aberdare, na ndicho pia msimu wa moto. Juu ya mita 3,000 msitu hukoma. Hubaki nyasi ndefu na vichaka vya erika, ambavyo huwaka upesi sana. Udongo wa mboji ulio chini huweza kufuka siku kadhaa baada ya miali kuzimwa, kwa hiyo jivu lililopoa si la kuaminika.

Oktoba 2020, moto ulianzia Whona, kituo cha mapumziko cha wapandaji wa Kilimanjaro. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa za Tanzania, ilieleza kuwa wapagazi walikuwa wakipasha chakula cha wageni. Chanzo kidogo mno kwa hasara kubwa namna ile.

Mchana upepo hupanda mteremko, na moto hupanda nao kwa kasi isiyowezekana kwa mtu mwenye mzigo mgongoni. Usalama uko kando na chini: kwenye mwamba, kijito au ardhi iliyokwisha kuungua.

Kwa wakazi wa Landless, mtaa wa mji wa Thika, moto wa mlimani hauko mbali. Mito ya Chania na Thika, inayopita mjini mwao, hutoka Aberdare.