Ukingo wa Paa

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Mambo ya Walawi 14:33-48



Leo nataka tufikiri pamoja juu ya nyumba za kupangisha, yaani zile ghorofa za mjini ambamo jamaa kumi, ishirini au zaidi hukaa katika ploti moja. Wako wengi katika makanisa yetu walio na nyumba hizo. Mwalimu amestaafu, akajenga vyumba kwa pesa zake za uzeeni. Mama wa sokoni amekopa katika chama cha ushirika, akaongeza ghorofa. Hilo ni jambo jema, maana watu wanahitaji mahali pa kulala. Lakini je, Neno la Mungu lina la kumwambia mwenye nyumba, zaidi ya kumkumbusha fungu la kumi la kodi anayopokea?

Ndiyo, linalo. Katika somo letu la kwanza, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu ajengapo nyumba aweke ukingo kuzunguka paa, ili asianguke mtu, na mwenye nyumba akawa na hatia ya damu. Paa za siku zile zilikuwa za bapa, na watu walifanya kazi huko juu. Yoshua 2 inatuambia kwamba Rahabu alitandaza mabua ya kitani juu ya paa lake. Siku hizi mjini Nairobi, wapangaji wengi huanika nguo juu ya paa la ghorofa, na watoto huwafuata mama zao.

Angalieni mahali amri hii ilipowekwa. Sura hiyo inaanza na ng'ombe wa jirani aliyepotea, ambaye wewe ukimwona hupaswi kujifanya hukumwona. Basi ukingo wa paa ni sehemu ya kumpenda jirani. Mungu hakusema tungoje kwanza mtu aanguke, wala hakusema kwamba aangukaye ni mzembe. Aliweka jukumu juu ya yule mwenye nyumba.

Somo la pili linahusu nyumba iliyokwisha kujengwa, iliyoingiwa na ugonjwa katika kuta zake. Hapo mna mafundisho matatu. Kwanza, mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa kuhani kusema kwamba ameona dalili mbaya. Hakuficha, wala hakungoja kushtakiwa. Pili, vitu vilitolewa ndani kabla ya kuhani kuingia kukagua, ili walio ndani wasipate hasara kubwa. Tatu, kazi ilifanywa kwa hatua. Nyumba ilifungwa siku saba, mawe mabovu yakatolewa, kuta zikakwanguliwa na kupakwa udongo mpya. Ugonjwa ukirudi, ndipo nyumba ilipobomolewa. Wengi wetu tunaogopa mkaguzi kama adui ajaye kubomoa. Katika Maandiko, aliyekuja mapema alikuwa na nafasi ya kutengeneza.

Wapendwa, jambo hili si dogo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, nyumba ya ghorofa kule Huruma, Nairobi, ilianguka karibu na mto. Watu zaidi ya arobaini walikufa. Wenye mamlaka walisema ilijengwa bila idhini. Baada ya siku kadhaa mtoto mchanga alitolewa hai katika kifusi, na nchi nzima ikamshukuru Mungu. Lakini inafaa tukumbuke pia wale ambao hawakutolewa hai. Walikuwa wamelipa kodi, wakalala wakiamini nguzo za mtu mwingine.

Nchi yetu imeweka sheria. Kanuni za ujenzi za 1968 zilitumika miaka mingi, na mahali pake pamechukuliwa na Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025. Anayetaka kuongeza ghorofa hana budi kupata idhini ya kaunti, na mhandisi apime kama msingi na nguzo zaweza kuubeba mzigo huo. Lakini wengine huona ni rahisi zaidi kumpa mkaguzi kitu kidogo. Kutoka 23:8 inatuonya kwamba rushwa huwapofusha wenye kuona. Mkaguzi aliyepofushwa hataona ufa, lakini ufa utabaki pale pale, na chini yake wamelala watoto.

Labda mtu atasema, “Mhubiri, pesa sina. Kuna mkopo wa benki, na kuna karo ya shule.” Ni kweli, mizigo hiyo ni mizito. Basi anza na utaratibu. Tenga sehemu ya kodi kila mwezi kwa ajili ya matengenezo, kabla hujaigawa kodi hiyo kwa mambo mengine. Ita fundi anayejua kazi, mzunguke nyumba yote pamoja. Tengeneza kwanza kile kiwezacho kuua: nyufa katika nguzo, waya za umeme zilizo wazi, ngazi zisizo na vyuma vya kushika, paa lisilo na ukingo, mlango wa pekee wa kutokea uliofungwa kwa kufuli usiku. Kisha tengeneza yaletayo magonjwa: bomba lililopasuka, choo kilichojaa, ukuta unaovuja. Rangi iwe ya mwisho. Katika Ezekieli 13, Mungu aliwakemea waliopaka chokaa juu ya ukuta dhaifu, maana mvua ilikuwa inakuja.

Na ikiwa ni lazima wapangaji wahame kwa muda, waambie kweli na mapema. Usifanye matengenezo kuwa hila ya kuwafukuza maskini.

Nawe ndugu mpangaji, ukiona ufa unapanuka, usinyamaze. Mwambie mwenye nyumba kwa heshima, na asiposikia, wapashe habari wenye mamlaka.

Jumapili mwenye nyumba na mpangaji wake hukaa katika benchi moja, na huikaribia meza moja ya Bwana. Mmoja wao ana ufunguo wa usalama wa mwenzake. Wiki hii, ndugu mwenye nyumba, panda ngazi za nyumba yako hadi juu kabisa. Ukifika kwenye paa, simama mahali mtoto wa mpangaji anaposimama, uangalie chini.

Tuombe. Ee Baba, uliyetupa nyumba na watu wa kukaa ndani yake, utufungue macho tuone yaliyo mabovu kabla hayajaanguka. Utupe moyo wa kutengeneza hata inapotugharimu. Uwafariji waliofiwa na jamaa zao chini ya kuta za wengine. Tunaomba kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.