Nauli ya Kwenda Makumbusho

Nimesimama kuliombea darasa la sanaa la shule yetu.

Mwaka 1941 Elizabeth Catlett, mchongaji Mmarekani mweusi, alikuwa mwalimu New Orleans. Maonyesho ya Picasso yakaja kwenye makumbusho yaliyokuwa ndani ya bustani ya jiji, na weusi hawakuruhusiwa kukanyaga bustani hiyo. Basi akawapeleka wanafunzi wake kwa gari hadi mlangoni kabisa, siku ambayo makumbusho yalifungwa kwa watu wengine. Wengi walikuwa hawajawahi kuingia makumbusho.

Baadaye alihamia Mexico, akafundisha uchongaji chuo kikuu, huku akichonga mabamba ya linoliamu na kuchapa picha za wakulima na akina mama wa kazi. Bamba moja hutoa nakala nyingi, kwa hiyo hata mwenye kipato kidogo hupata yake.

Watoto wetu hakuna anayewakataza mlangoni. Kinachowazuia ni nauli. Tunaomba hiyo, pamoja na mabamba, visu vya kuchongea na wino. Mwalimu tunaye, na magogo, jamani, hatujayakosa! Bahasha ziko kwa mweka hazina.