Makufuli Mawili na Reli Moja

Somo la leo ni juu ya hitilafu inayoweza kusimamisha kompyuta ingawa hapana kilichovunjika. Ili tuielewe vizuri, twende kwanza Tabora.

Njia ya misafara ya zamani ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Wapagazi wakikutana waliweza kupishana porini. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mambo yalibadilika, maana gari la moshi haliwezi kuchepuka. Tuseme gari moja latoka Tabora. Limeshika kipande cha reli cha kufika Usoke, nalo lataka kile cha Usoke hadi Urambo. Jingine latoka Urambo. Limeshika kipande hicho, nalo lataka kile cha kwanza. Kama pale Usoke hapana njia ya kupishana, kila moja litangoja jingine, wala hakuna litakalosogea.

Haya, sasa tuitazame kompyuta ya chama cha wakulima wa tumbaku. Kiini cha mfumo wake hutunza mafaili ndani ya majalada. Programu inayotaka kubadili jalada hulifunga kwanza kwa kufuli, ili nyingine isiandike hapo hapo na kuharibu kazi. Kuhamisha faili kutoka jalada hili hadi lile kwahitaji makufuli mawili: la pili huchukuliwa huku la kwanza likiwa bado limeshikwa. Programu moja ikifunga jalada la mauzo na kungoja la malipo, na nyingine ikifunga la malipo na kungoja la mauzo, zimekwama kama magari yetu. Zote zinazohitaji majalada hayo zitakwama nyuma yao. Mwishowe karani huizima mashine, na hesabu za wakulima ambazo hazijahifadhiwa hupotea.

Je, tiba ni ipi? Kuondoa makufuli si tiba, mafaili yataharibika. Kungoja zaidi hakusaidii. Tiba ni utaratibu: kila programu ichukue makufuli kwa mpangilio ule ule, jalada la nje kwanza, kisha lililo ndani yake. Kama hakuna lililo ndani ya jingine, kanuni moja iamue lipi litangulie. Ni sawa na magari yote kwenda upande mmoja: la nyuma litangoja, lakini hayatakabiliana.

Hitilafu hii yaweza kujificha miezi mingi, mpaka programu mbili zikutane kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwaka 2006 mfumo wa Linux uliongezewa mkaguzi aitwaye Lockdep. Yeye hukumbuka mpangilio wa makufuli, na akiona yamechukuliwa kinyume hutoa onyo, hata kabla programu hazijakwama.

Kabla ya somo lijalo, chukueni karatasi mchore stesheni tatu na magari mawili, mtafute njia zote yanavyoweza kukwama. Kwaherini.