Mvua Ikishika, Mtoto Ashike Nini?
Mada kwa wazazi na walezi, semina ya malezi ya watoto wadogo, Ruziba



Nimepewa kuzungumzia mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu na namna ya kumshughulisha siku za baridi. Maandishi mengi juu ya jambo hili yameandikwa kwa watu wa theluji: nyumba ina joto la kuwashwa, chini zulia, na kila kona kuna sanduku la midoli. Ruziba haina theluji. Tuko kando ya ziwa, mwinuko wa mita kama 780, na wastani wa joto letu hauchezi mbali na nyuzijoto 24 mwaka mzima. Mtu wa Ijenda, aliyezoea ukungu wa juu ya mita 2,000, akitusikia tukilalamika baridi atatucheka. Lakini kila mwenye mtoto hapa anaijua baridi yetu. Ni mvua ya kati ya Oktoba na Mei, inayoteremka kutoka milimani ikakutana na upepo wa ziwa. Uwanja unageuka tope, na nyumba ya vyumba viwili inajaa watu, nguo mbichi na mbabura, yaani jiko la mkaa, iliyoingizwa ndani isilowe. Katikati ya hayo yote yumo mmoja ambaye jana alizunguka uwanjani tangu asubuhi, na leo anaambiwa, kaa hapo.

Nitasema neno langu mapema, ili wanaowahi soko wasilikose. Mtoto huyo hakosi vitu vya kuchezea. Anakosa mtu wa zamu. Jua likiwaka, hapa kwetu mtoto analelewa na uwanja mzima: dada yake, bibi wa nyumba ya pili, kuku, mchanga, wapita njia wanaomwita jina. Mvua ikishuka, walezi wote hao wanaondoka kwa mpigo mmoja, na kazi yao inamwangukia mama peke yake, siku ileile ambayo kuni ni mbichi na ndagala alizoanika zimerudishwa ndani zinanuka. Halafu tunashangaa kwa nini siku ya mvua watoto wanachapwa zaidi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka 5. Unasema mtoto wa mwaka mmoja au miwili anahitaji angalau dakika 180 za kuchezesha mwili kila siku, zikigawanyika mchana kutwa. Yaani saa tatu. Unasema pia asifungwe mahali pamoja asiweze kujinyoosha, iwe kitini au mgongoni, zaidi ya saa moja kwa mfululizo. Sisemi kitenge kitupwe. Mgongo wa mama ni dawa ya baridi kuliko koti lolote, na mtoto aliyebebwa husikia sauti na kuona kazi. Ila yule anayebebwa tangu uji wa asubuhi mpaka maharage yaive, eti kwa sababu chini kuna majimaji, miguu yake inadai. Usiku halali, analia, na tunasema ana minyoo.

Sasa niseme juu ya kitu ambacho vitabu vya malezi havikitaji, kwa kuwa waliovitunga hawalali chini ya bati. Tunashauriwa siku ya mvua tumsimulie mtoto hadithi. Ushauri mzuri, lakini mvua ya Aprili ikipiga bati lisilo na dari hata watu wazima wawili waliokaa mkeka mmoja wanaongea kwa ishara. Mtoto wa mwaka na nusu anaona mdomo wako unacheza na hasikii kitu. Baadhi yao kelele ile inawatisha. Utamwona anatazama juu, kisha anakutazama wewe usoni ajue kama kuna hatari. Hapo hadithi haifai. Kinachofaa ni mikono na uso. Mpakate akutazame. Funika uso wako kwa kanga, funua, funika tena. Chezesheni vidole. Mwonyeshe matone yanayovuja pale kwenye msumari na muyakinge kwa kopo. Tone, tone, tone, na wewe unatikisa kichwa kila linapoanguka.

Na kama kelele ziko juu, naye azitengeneze za kwake. Mpe bidoni tupu na mwiko. Ngoma zetu za kifalme ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, na sioni kwa nini mtoto wa nchi hii akatazwe kupiga bidoni wakati hata bati lenyewe linampigia. Wenye mabinti wawaachie pia. Kanuni za ngoma ya kifalme na nani aipige ni za wakubwa. Bidoni la maji halina sherehe.

Mvua ikipungua, sauti zikirudi, ndipo maneno yaingie, na yaingie kwa wingi. Hadithi ndefu ya Sungura na Fisi bado haimfai wa miaka miwili. Mtajie vitu: kikombe hiki, mwiko ule, pua yako iko wapi, ya baba iko wapi. Zungumza naye lugha uliyo nayo mdomoni, Kirundi au Kiswahili, au mchanganyiko wetu wa kila siku. Msijibane kwa Kifaransa cha kuazima mkidhani mtoto atachelewa shule. Lugha ya kuanzia ni ile ambayo mzazi anaweza kutania kwayo.

Kuna utafiti mmoja ambao napenda tuujue sote, kwa sababu ulifanywa kwenye mitaa ya kimaskini kama hii. Mwaka 1986 na 1987, Kingston, Jamaika, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri kati ya miezi 9 na 24. Kwa sehemu ya watoto hao, mhudumu wa afya wa mtaa alikwenda nyumbani saa moja kila wiki, kwa miaka miwili, akamwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto na kuzungumza naye. Vitu vya kuchezea vilikuwa vya kutengenezwa kwa mkono. Walipofuatiliwa wakiwa watu wazima wa miaka 22 hivi, waliochezewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiochezewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Nakumbusha kwamba Burundi, katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016–2017, asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikutwa wamedumaa. Uji wa musalac tunauhubiri kila wiki, na tuendelee kuuhubiri. Lakini Jamaika inatuambia kwamba mtoto aliyedumaa hahitaji uji peke yake.

Jambo moja la kule Kingston limenivutia kuliko asilimia zote. Mhudumu aliacha vitu nyumbani, na wiki iliyofuata akavichukua na kuleta vingine. Mtoto hachoki kucheza. Anachoka kitu kilekile. Kwa hiyo nyumba nne za uwanja mmoja zikiwa na vitu vitatu vitatu na zikabadilishana kila Jumamosi, kila mtoto ana vitu kumi na viwili, na hakuna aliyetoa faranga.

Tengenezeni, lakini kwa uangalifu wa fundi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe, ianike hata unyevu uishe, la sivyo ndani kutaota ukungu. Tia vifuniko vitano vya Primus, vilivyokunjwa vipite mdomo wa chupa, au kokoto. Funga, kisha zungushia kifuniko plastiki iliyoyeyushwa ili kishike. Kikipoa, kivute kwa meno yako mwenyewe. Kikitoka kwako kitatoka kwake, irudie. Vifuniko hivyohivyo vikiwa nje ya chupa vinakata midomo na kuziba koo. Punje ya maharage nayo ni adui anayeonekana mnyonge: mtoto huisukuma puani, ikanywa unyevu, ikafura, na safari ya hospitali ikaanza. Mpira wa matambara na nyuzi za gunia, makopo ya ukubwa tofauti ya kuingiliana, kipande cha sanduku la karatasi kilichotobolewa tundu la kupitishia kitambaa, hivi vinatosha.

Kumbukeni pia kwamba umri huu haupambanui kazi na mchezo. Mama anachambua maharage? Mtoto apewe viazi vitamu vitano na beseni. Atavitoa, atavirudisha, atavitoa. Mtu mzima anaona upuuzi, kumbe pale ndipo anapojifunza ndani na nje, kubwa na dogo, tele na tupu. Sufuria na vifuniko vyake, kila kimoja kitafute chake. Soksi za baba na za kaka. Dakika kumi za hivyo kwa mtoto wa miaka miwili ni nyingi, asilaumiwe akiondoka. Na kazi itachelewa, nisiwadanganye. Maharage yatakayochambuliwa naye akiwa kando yatachukua muda zaidi, lakini ule muda mngeutumia kumfukuza kwenye mbabura.

Nije kwa akina baba, nanyi leo mko wachache kuliko viti tulivyowawekea. Mvua ikinyesha, mwashi hapandishi ukuta. Mwenye baiskeli ya abiria hapati mteja. Mvuvi hatoki ziwa likichafuka. Kwa maneno mengine, mvua inayomwongezea mama kazi ndiyo inayompunguzia baba. Mtu wa zamu tunayemtafuta yupo, amekaa kizingitini anatazama maji, au yuko kabareti anangoja ipungue, na ikipungua anangoja ikatike kabisa. Nimesikia hoja ya mila. Lakini mila haijamkataza mvuvi wa hapa kukaa chini siku nzima anashona wavu wa ndagala. Mtoto akae katikati ya miguu yake, apewe maboya na kamba ayatunge. Baba anashona, mtoto anatunga, na mama anapata saa moja ya kupika mikono yote miwili ikiwa huru. Hakuna aliyevunjiwa heshima hapo.

Badala yake sisi huwa tunamgeukia dada. Shule nyingi zinasoma kwa zamu mbili, kwa hiyo binti wa miaka kumi yuko nyumbani nusu siku, na zamu ya mtoto anabebeshwa yeye. Asaidie, ndiyo, na kaka yake pia. Ila naye ana daftari.

Sasa nitasema la kutatanisha kidogo: mtoeni mtoto nje. Ndugu zetu walioko Norway na Sweden wanatusimulia jinsi watoto wa chekechea wanavyotolewa kucheza kwenye theluji, na jinsi wachanga wanavyolazwa nje kwenye vigari vyao, wamefunikwa vizuri. Sisi, kwa manyunyu ya nyuzijoto 22, tunasema mtoto atakufa kwa mafua. Mafua huletwa na virusi, na virusi hupenda chumba kilichofungwa chenye watu wanane. Hatari za nje zipo, lakini ni nyingine. Ipo radi, basi subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Upo mtaro unaoteremsha maji kutoka mlimani kwa nguvu ya kubeba mtu mzima. Yapo maji yaliyotuama yakachanganyika na ya vyoo, na mtaa wa kando ya ziwa kama huu haufundishwi kipindupindu. Ukishayaepuka hayo matatu, robo saa ya kukanyaga mchanga mbichi mlangoni, kisha maji ya vuguvugu, nguo kavu na kitu cha moto tumboni, humfanya mtoto alale kama hajalala wiki.

Simu nitaipitia haraka. Mwongozo uleule wa 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Video moja mkitazama pamoja na kutaja mnachoona si dhambi. Mbabura siipiti haraka. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na huua waliolala. Dirisha au mlango ubaki wazi hata kama manyunyu yataingia, na kati ya mtoto na moto kuwe na kitu kizito asichoweza kukisukuma. Ndoo ya maji ya bati nayo ifunikwe, maana mtoto wa umri huu anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja.

La mwisho ni la sisi kama mtaa. Shule za incuke, yaani za chekechea, zinapokea kuanzia miaka 3. Chini ya hapo hakuna pa kumpeleka mtoto. Wakati huohuo makanisa na misikiti yetu ina kumbi na mabaraza yenye paa, na asubuhi za siku za kazi mengi hayana mtu. Naomba tuombe baraza moja tu, asubuhi mbili kwa wiki, Novemba hadi Desemba, kisha Februari hadi Aprili. Mkeka, makopo, mipira ya matambara, na watu wazima wanne kwa zamu, wawili wao wakiwa wanaume. Tusiahidi uji. Tukiahidi uji patakuwa mradi, na siku unga utakapoisha na watoto hawatakuja. Ufunguo usikae kwa mtu mmoja anayesafiri kila wiki kwenda Rumonge. Karatasi ya zamu inazunguka kuanzia safu ya nyuma. Andikeni jina, siku mnayoiweza, na kama mna mkeka.