Karo Peke Yake Haimalizi Safari

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo sitazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala juu ya mikopo. Nataka tuzungumze juu ya watoto tunaowafanyia harambee waende chuo. Kikundi kimoja nilichokuwa nikikitembelea kilichanga karo ya msichana mmoja, kikamnunulia sanduku na godoro, tukamsindikiza hadi barabarani kwa nyimbo. Muhula wa pili alirudi nyumbani. Hakuanguka mtihani, na karo ilikuwa imelipwa. Watu wakasema, "Huyu ametuangusha." Na mimi, niseme ukweli, nilisema hivyo hivyo. Lakini katika sisi wote hakuna aliyekuwa amempigia simu hata mara moja kumwuliza anaendeleaje.

Kumbe yuko mtu aliyetumia maisha yake ya kazi kuchunguza jambo hili. Ni Profesa Vincent Tinto, Mmarekani aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Huko kwao pia watu walizoea kusema kwamba anayeacha chuo ni mvivu au hana akili. Mwaka wa 1975 Tinto aliandika makala iliyogeuza swali. Alisema tusimtazame mwanafunzi peke yake, tutazame pia yanayompata akishafika chuoni. Je, amefungamana na masomo na walimu? Je, amepata watu wa kukaa nao? Wazo hili la kufungamana alilipata kwa msomi wa Ufaransa, Émile Durkheim, aliyeandika mwaka 1897 kwamba mtu asiyeshikamana na wenzake yuko hatarini zaidi.

Mwaka 1987 Tinto alitoa kitabu kizima juu ya kuacha chuo. Sikilizeni vizuri hapa. Alionyesha kwamba wanaofukuzwa kwa sababu ya kushindwa masomo ni chini ya robo ya wote wanaoondoka. Wengine wote huondoka wenyewe, na wengi huondoka katika mwaka wa kwanza.

Kwa nini mwaka wa kwanza? Alifananisha kuingia chuo na kuingia jando. Kijana anatengwa na nyumbani, anakaa katikati ambapo si wa huku wala si wa kule, halafu anapokelewa katika hali mpya. Lakini jandoni kuna wazee wanaomshika mkono. Chuoni, mara nyingi mwanafunzi anaachwa avuke peke yake.

Hapo wasomi wengine walimpinga. Mwaka 1992 William Tierney alisema kwamba mfano huu unamwumiza mwanafunzi anayetoka katika jamii ndogo, kama Wahindi Wekundu wa Marekani, kwa sababu ni kama kumwambia aache kwao ndipo afaulu. Baadaye Tinto mwenyewe alikubali kwamba wanafunzi wengi hupata nguvu ya kuendelea kutoka nyumbani na katika jamii yao. Mimi namheshimu mtu msomi anayekubali kurekebishwa.

Katika miaka ya 1990 alikwenda kuchunguza chuo kimoja cha jamii mjini Seattle. Wanafunzi wa hapo wengi walikuwa na kazi na familia. Wanakuja darasani, wanatoka mbio. Watapata marafiki saa ngapi? Chuo kiliwapanga kundi moja lisome masomo kadhaa pamoja. Basi wakaanza kujuana, wakasaidiana hata nje ya darasa, na walioendelea na masomo walikuwa wengi kuliko wenzao waliosoma kila mtu kivyake. Ninyi wa vikundi, jambo hili mnalijua, si ndiyo?

Mwaka 2012 alitoa kitabu kingine akataja mambo manne ambayo chuo kinapaswa kumpa mwanafunzi: kumtazamia makubwa, kumsaidia, kumpima mapema na kumwambia anaendeleaje, na kumshirikisha na wenzake na walimu. Baadaye, mwaka 2017, akaongeza neno la busara. Vyuo huuliza, "Tumzuieje asiondoke?" Lakini mwanafunzi hataki kuzuiwa. Yeye anauliza, "Nitawezaje kumaliza?" Ili aendelee anahitaji kuamini kwamba anaweza, kujiona ni mtu wa pale, na kuona kwamba anachosoma kina faida.

Sisi hatuna chuo, kwa hiyo mengine hayo ni kazi ya walimu. Lakini kumpigia simu mtoto wetu wiki za kwanza tunaweza. Kumtafuta mtoto mwingine wa huku aliyetangulia chuoni, amwonyeshe njia, tunaweza pia. Na akirudi, tumwulize kwanza kilichompata kabla ya kumlaumu. Yule msichana mimi nilichelewa kumwuliza. Nilipomwuliza, alisema tu, "Hakuna aliyejua jina langu kule."

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

1. Ni watoto wangapi tuliowachangia, na wangapi wamemaliza?
2. Walioacha, tuliwauliza sababu au tuliwalaumu tu?
3. Nani kati yetu atampigia simu mtoto wetu aliye mwaka wa kwanza, na lini?